Nyangumi wa Mtaa wa Sikukuu

Kazini kwetu kuna dada aliyerudi juzi kutoka likizo ya uzazi. Ikikaribia saa sita anaingia stoo na kile kimashine chake cha kukamulia maziwa, anajifungia, na akitoka anaiacha humo ile harufu. Wenzangu wanaipenda. Wanasema ni harufu ya baraka, wanamtania, wanamuuliza mtoto hajambo. Mimi nachukua kazi zangu naenda kukaa kwenye ngazi. Si kwamba namchukia yule dada. Ni mtu wa watu, hajanikosea kitu. Ila harufu ya maziwa ya mama yaliyokauka kwenye kitambaa, tamu na chachu kwa pamoja, ikinifika puani tu nasikia hasira inanipanda, na hasira hiyo ina sura ya mtu. Ni sura ya shangazi yangu.

Nitamsema leo na sitaomba radhi. Ameshakufa, Mungu anajua la kumfanya. Wanaopenda kuwapamba marehemu waendelee kuwapamba. Hata msibani kwake nilikaa mkekani nikawasikiliza wanawake wakiusifu mkono wake, jinsi alivyowalea wanawake waliojifungua na vichanga vya mtaa mzima, huku nikivuta nyuzi za ule mkeka mpaka jirani yangu akanishika mkono.

Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Kiswahili aliyoiacha babu. Siku hizi hapo pana ghorofa la maduka ya mabegi, lakini wakati ule nyumba ilikuwa bado imesimama, imebanwa na maghorofa pande zote, jua linafika uani adhuhuri tu kisha linaondoka. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko nyuma. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikaa chumba cha mbele kabisa, mlango wazi, pazia limefungwa fundo, ili anayetoka amwone na anayeingia amwone. Wapangaji walimwogopa. Baba alimwogopa zaidi. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa mtaa wa nyuma, mpole kiasi kwamba hata mteja aliyechelewa mwenyewe kuchukua nguo alimgombeza yeye. Mama alikuwa mtu wa Lindi. Kabla ya kuolewa aliuza viungo sokoni, bizari, iliki na mdalasini, amekaa chini na wanaume wanapita, na kwa shangazi kosa hilo halikufutika. "Mtu wa kuja," alimwita, hata mama akiwa amekaa pale pale kwenye mbuzi anamkunia nazi.

Mama alipojifungua mdogo wangu Shabani, shangazi ndiye aliyesimamia uzazi, kama ilivyo kawaida ya mawifi. Mpaka arobaini itimie mzazi hana kauli. Alimkanda mama kwa maji yaliyokuwa bado yanafuka, akambana tumbo kwa khanga huku amemkandamiza kwa goti, akamnywesha uji wa pilipili manga hadi machozi yakamtoka, na kila mama alipoguna aliambiwa wenzake hawaguni. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nilikaa kizingitini nikatazama, nikaamini hivyo ndivyo kuzaa kulivyo, kwamba ukishapata mtoto unakabidhiwa kwa mtu wa kukuadhibu.

Tatizo ni kwamba Shabani hakunenepa. Alishika titi, akavuta mara chache kwa mlio kama wa mtu anayebonyeza swichi, akaliachia, akalia. Na maziwa yalimtoka puani. Si kule kucheua kwa kila mtoto. Yalimtoka puani meupe, matundu yote mawili, akapaliwa, midomo ikabadilika rangi, na mama akamwinamisha na kumpigapiga mgongoni huku anataja majina yote ya Mungu anayoyajua. Mdomo wake kwa nje haukuwa na kasoro, mdomo mzuri kabisa, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuuchungulia kwa ndani. Walimchungulia mama.

Arobaini ilipopita, neno likatoka. Shangazi alilitoa mbele ya wageni, taratibu, kama mtu anayetoa kitu cha thamani kabatini. "Mtoto huyu amebemendwa."

Wa rika langu waliokulia pwani wanalijua neno hilo na uzito wake. Maana yake mama anayenyonyesha amelala na mwanaume kabla ya wakati, na baya zaidi mwanaume wa nje, maziwa yake yameharibika, na sasa mtoto ananyauka, kichwa kinabaki kikubwa na miguu inageuka vijiti. Hapatakiwi ushahidi. Ushahidi ni mtoto mwenyewe, unamfunua tu khanga. Na shangazi alimfunua kwa kila mgeni aliyekuja. "Tazameni wenyewe," alisema, "mimi sina neno." Kisha alikuwa na maneno mpaka mgeni anaaga.

Mimi sikuelewa hayo ya wanaume. Nilichoelewa ni kwamba mama amefanya jambo ambalo halitajwi mbele ya watoto, na kwamba mdogo wangu anaisha. Nilikuwa nikimwekea kidole kwenye kiganja ili anikamate, na kila siku alikamata kwa nguvu kidogo kuliko jana yake. Niliogopa sana. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Barabara ya pili kutoka kwetu palikuwa na duka la televisheni. Walizipanga barazani, moja juu ya nyingine, ukuta mzima wa vioo, na zote zilionyesha video ile ile ya kuvutia wateja. Sauti hazikuwa nayo. Sauti ilikuwa ya spika za jirani, na ya machinga aliyepanda juu ya meza ananadi nguo, "Chagua, chagua, mzigo mpya huo!" Siku hiyo nilikuwa nimetumwa ndimu. Nilipopita, ukuta wote ulikuwa wa bluu, na ndani ya kila kioo lilielea dude kubwa la kijivu, na chini ya tumbo lake dude dogo likiligusa kwa mdomo. Halafu pale tumboni pakatoka wingu jeupe, kwenye vioo vyote kwa mara moja. Nilishtuka. Nilidhani lile kubwa limepasuka.

Mwenye duka tulimwita Mama Nisha, Mhindi wa Upanga, mama mnene anayekaa nyuma ya kaunta na fagio la manyoya mkononi. Fagio hilo lilifuta vumbi na kufukuza watoto, kwa usawa.

"We mtoto! Toka hapo, unanizibia wateja."

"Shikamoo Mama Nisha."

"Marahaba. Toka."

"Yule samaki anaumwa?"

"Samaki gani? Nyangumi huyo. Haumwi, ananyonyesha."

Niliganda. "Mbona hayaingii mdomoni?"

"Yanaingia. Yanayomwagika ni machache." Aliinuka kwa hasira, nadhani ili anichape na lile fagio, lakini akaishia kuligonga kwenye kioo. "Mtoto wake hana midomo laini kama hiyo yako ya kuropokea. Hawezi kufyonza. Basi mama mwenyewe anayabana kwa misuli ya tumbo, anamrushia mdomoni, na mtoto anakunja ulimi kama mrija. Mazito kama samli, hayapotei ovyo majini. Yameandikwa hapo chini, nimeyasoma mpaka nayaota. Umeridhika? Toka!"

Na wakati ananisukuma begani, yule mdogo kwenye vioo vyote akapanda juu ya maji, na kutoka kichwani kwake ukaruka mvuke mweupe kama wa birika.

"Na ile inayomtoka?"

"Pua yake ile! Nenda kwenu, mtoto gani wewe!"

Nilikimbia bila ndimu. Kwa akili yangu ya darasa la pili mambo yote yalikuwa yameshakaa sawa. Kiumbe kisichoweza kunyonya, na cheupe kinamtoka puani: Shabani hakuwa mgonjwa wala hakuwa amefanywa kitu na mtu. Shabani alikuwa nyangumi. Alizaliwa nyangumi kwa bahati mbaya, Kariakoo, mbali na wenzake, na sisi tulikuwa tunamlisha kama mtu. Sikuona ajabu yoyote. Mtaani kwetu palikuwa na mtu anayesemwa anageuka paka, na hakuna aliyemnyima salamu.

Mama alikuwa peke yake chumbani, mgongo ukutani, Shabani mapajani analia kile kilio chake kikavu.

"Mama, Shabani ni nyangumi."

"Zuhura, niondokee."

"Nyangumi hanyonyi, mama. Mama yake anamkamulia mdomoni. Nimeona kwa Mama Nisha. Na yeye inamtoka puani, hivi hivi!"

Mtu mwingine angenizaba kofi. Mama alinitazama, kisha akamtazama mtoto. Aliniambia nieleze tena, polepole. Nikaeleza, na kwa mikono nikaonyesha. Halafu akamsimamisha Shabani, akamweka wima kifuani, kichwa juu, akalibana titi kwa vidole viwili, na uzi mwembamba wa maziwa ukamwingia mdomoni. Shabani akakodoa macho. Akameza. Nilisikia lile funda likishuka. Mama naye alilisikia, maana vidole vilimteleza, uzi ukampata mtoto shavuni.

Tukawa na siri. Kila shangazi alipotoka, kwenda kusali au kwenda kuwaangalia wazazi wengine aliowasimamia, mama alifunga mlango, akamvua Shabani nguo zote kwa sababu ya joto, akamweka wima, akamkamulia. Mimi nilisimama ukumbini kama askari, kazi yangu kukohoa. Mengine bado yalimtoka puani, lakini machache, na mengi yalishuka. Alianza kukojoa vizuri. Alianza kunikamata kidole na kukishikilia. Mama kwa upande wake alipungua, mashavu yakaingia ndani, maana uji wa shangazi ulikuwa sasa unakuja nusu kikombe, na juu yake maneno "mwenye dhambi halishwi". Nimekuja kusoma ukubwani kwamba nyangumi wengi hunyonyesha hivyo hivyo, wamehamia maji ya vuguvugu kwa ajili ya mtoto, maji ambayo chakula chao hakimo, na kwa miezi hawali cha maana, wanamgawia mafuta ya miili yao wenyewe. Mtoto anavimba na mama anasinyaa. Nilipokisoma hicho nilifunga kompyuta nikatoka nje. Angalau nyangumi hana wifi.

Siku tuliyokamatwa mimi nilikuwa mahali pangu, macho kwenye mlango wa mbele. Shangazi akapitia mlango wa uani. Alifika chumbani kwetu kabla sijageuka, akasukuma mlango, na mama kwa kushtuka akabana vibaya. Maziwa yalimruka Shabani kidevuni, yakateremka tumboni, mpaka pale.

Lazima nieleze, kwa wale wasiojua. Kwetu mwanamke anafundishwa hili kabla hajafundishwa kupika: maziwa ya mama yasimdondokee mtoto wa kiume kwenye utupu wake. Yakidondoka, huyo hatakuwa mwanaume kamwe. Wenye kunyonyesha watoto wa kiume hufunika pale kwa kitambaa, kwa kiganja, kwa chochote. Na mama alikuwa ameyarusha. Kwa makusudi, na mlango umefungwa.

"Uwiii!" Sauti ya shangazi ilifika barabarani. "Njooni mwone! Njooni mwone jamani, mtoto wa ndugu yangu anamalizwa! Hajatosheka kumbemenda, sasa anamkata kizazi!"

Wapangaji walijaa mlangoni. Mama alijaribu kusema, "Wifi, anameza hivi, wifi, hebu tazama anavyomeza," lakini shangazi alishamkwapua mtoto vile vile amelowa maziwa, akapita naye katikati ya watu akiwa amemwinua juu ili kila mtu aone mabaya yalipofikia. Akaingia chumbani kwake. Kwa mara ya kwanza tangu niijue ile nyumba, mlango ule ulifungwa.

Baba akaitwa kutoka barazani kwake. Alikuja na tepu ya kupimia shingoni, akasimama ukumbini ameshika ncha zote mbili.

"Nipeni nimpeleke hospitali," mama alimwambia. "Baba Zuhura, mwambie dada yako anipe mtoto."

"Ugonjwa huu si wa hospitali!" shangazi alijibu kutoka ndani. "Wakimchoma sindano tu, anakufa."

"Dada anayajua mambo haya," baba akasema. Akarudi kazini. Ninajua hakuwa mtu mbaya. Nimechoka kujua hivyo.

Mama alikaa chini, mbele ya mlango ule, mgongo umeegemea mbao. Ndani shangazi alimnywesha Shabani uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, amemlaza chali, kama walivyolazwa watoto wote aliowalea. Tulimsikia akipaliwa. Kila alipolia, maziwa ya mama yalitoka yenyewe, yakalowesha khanga kifuani, yakakauka, yakalowesha tena, mpaka kitambaa kikawa kigumu kama kimetiwa wanga. Wapangaji walimruka kwenda chooni. Nilikaa ubavuni mwake mpaka asubuhi iliyofuata, pua yangu kwenye khanga hiyo, na hiyo ndiyo harufu ninayoikimbia leo kwenye ngazi za ofisi.

Asubuhi walikuja wazee wawili wa ukoo kutoka Magomeni, kanzu safi, wakaketi kwenye viti vilivyoazimwa. Shangazi alikuwa ameshapata dawa. Beseni lilikuwa uani, maji ya kijani yaliyopondewa majani, yananuka kama jani la mpapai lililooza. Akatoa masharti yake mbele ya nyumba nzima.

"Dawa haishiki mpaka mwenyewe aseme kwa mdomo wake. Na amtaje huyo mwanaume. Akishataja, atampakata mtoto waogeshwe pamoja. Bila hivyo mtoto hatoki mikononi mwangu, na akifa, wote mmesikia nilivyosema."

Tangu jana mama alikuwa anakana. Alikana kwa utaratibu, alikana kwa viapo, alikana huku analia. "Wallahi sijafanya." Wazee walitikisa vichwa kama watu wanaosikiliza hesabu ambayo jibu lake wameshalijua. Lakini sasa kikohozi cha Shabani kule chumbani kilikuwa kimebadilika. Hakikuwa kikubwa tena. Kilikuwa kidogo, cha mbali, kama cha mtu aliyechoka kubishana. Mama aliinua kichwa akakisikiliza. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wake, nikausikia unalegea halafu unakaza.

Akasimama. "Nimefanya," akasema.

Wazee wakainama mbele vitini.

"Na nani?" mzee mmoja akauliza.

"Na Salumu."

"Salumu gani?"

"Anauza nazi, sokoni kule shimoni. Ameshahama."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anafurahi. Alijitahidi kukunja uso kwa majonzi, lakini furaha ilimshinda, ikamtoka machoni na kwenye pembe za mdomo. Yote mengine labda ningekuja kumsamehe, maana ujinga ni ujinga na alifundishwa hivyo na wenzake. Uso ule sijausamehe.

Baba alitazama sakafu. Wazee wakasema astaghfirullahi. Mtoto akaletwa, kijivu, macho nusu, akawekwa mikononi mwa mama kama dawa ilivyotaka, na wote tukaelekea uani. Shangazi akachota kata ya kwanza akawamwagia kichwani, akachota ya pili. Kabla hajaimwaga, mama aligeuka. Akaingia ukumbini na maji yanamchuruzika, majani yamemganda shingoni, akanishika kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kwenda mlango wa mbele.

"Mshikeni!" shangazi akapiga kelele.

Wazee walikuwa wamesimama kwenye njia. Mama hakupunguza mwendo.

"Mkinigusa, nataja mwingine," akasema. "Na safari hii naanza na waliomo humu ndani."

Sijawahi kuona watu wazima wakirudi nyuma upesi namna ile. Mmoja alikanyaga kiti. Baba alijibandika ukutani na tepu yake. Tulipita katikati yao, tukashuka barazani, tukaingia mtaani peupe, mama peku, khanga imemlowa, na nyuma yetu shangazi anaitangazia Kariakoo nzima kwamba mwenyewe amekiri, mwenyewe amemtaja mtu, mmesikia, amemtaja. Wauza mabegi waligeuka. Mtu mmoja akacheka. Mama akasimamisha bajaji.

"Upanga, hospitali," alimwambia dereva. "Kimbia kaka yangu."

Ndani ya bajaji alimsimamisha Shabani wima, akafungua kifua mbele ya barabara yote na jam yote, akamkamulia. Nilihesabu moyoni kama atameza. Akameza.

Hospitali nesi alimfungua mdomo, akawasha tochi, akaingiza kidole kidogo. Haikuchukua hata muda wa kuvaa kiatu. "Kaakaa lake lina tundu, mama. Ndiyo maana hawezi kuvuta. Ulikuwa unamlishaje hadi leo?" Mama akamwonyesha. Nesi akamwambia aendelee hivyo hivyo, mtoto wima, akampa na kikombe kidogo cha mdomo mwembamba cha kumsaidia, na akasema ataandikiwa kufanyiwa upasuaji akishapata uzito. Mama akauliza, "Kwa hiyo si maziwa yangu?" Nesi hakuelewa swali. "Maziwa yako yana nini?" akasema. Mama akalia pale, kwa sauti, mpaka akaletewa kiti.

Hatukurudi Sikukuu. Tulivuka pantoni tukaenda kuishi kwa mama mdogo Kigamboni, na talaka ikatufuata huko, imeletwa na wale wale wazee wawili, ambao safari hii waligoma kuingia ndani wakasimama mbali na mlango. Shabani alishonwa kaakaa, akakua. Sasa ni mwanaume wa miraba minne mwenye sauti ya puani kidogo, na ana watoto watatu, jambo ambalo nilitamani sana shangazi aulizwe lilitokeaje. Hakuna aliyemuuliza. Alipokufa, Shabani alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Nilimgombeza, akaniambia, "Dada, mimi sikumbuki kitu." Bahati yake.

Mimi nilikumbuka, na nilikumbuka vibaya. Kwa miaka mingi nilimwamini mama alichokisema ukumbini. Niliamini Salumu yupo. Nilimchukia kwa jina. Kila tulipovuka kwenda Kariakoo kununua vitu vya Idi nilimtoroka mama nikashuka kule shimoni, soko la chini ya ardhi, nikapita kwa wauza nazi mmoja mmoja, nikawauliza kama wanamjua Salumu aliyehama, na nilikuwa nimejiandaa nikimpata nimtemee mate, kwa sababu ndiye aliyetuvunjia nyumba. Mzee mmoja anayefua nazi kwenye chuma aliniangalia, mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, hapa nipo tangu sijaota ndevu. Muuza nazi Salumu hajawahi kuwepo."

Nilimwambia mama jioni hiyo, kwa ukali, kama mtu anayemkamata mwizi. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha kuchambua.

"Hakuna Salumu," akasema. "Lilikuwa jina la kwanza kunijia."

"Ina maana hukufanya?"

"Sikufanya."

Nilihisi ukumbi wote ule umerudi kunikalia kifuani, na uso ule unaofurahi. Nikamwambia twende. Sasa hivi, leo leo, tukawaambie wote, baba, wazee, wapangaji, tukamwambie shangazi mbele ya mtaa, maana mpaka kesho pale Sikukuu jina lako ni yule aliyembemenda mwanawe, mama, watoto wa wapangaji wanakujua hivyo, wajukuu zao watakujua hivyo, na wewe umekaa unachambua mchicha. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilimuuliza kama haumii.

Alikung'uta majani, akaweka kando yaliyotobolewa na wadudu. Nje Shabani alikuwa anagombania mpira na watoto wa jirani, anapiga kelele kwa ile sauti yake.

"Walilitaka jina langu, nikawaachia," mama akasema. "Kwani si nilitoka na mtoto?"